Ua moja, vipande viwili: cha bafuni kinanawiri, cha sebuleni kinakufa. Tatizo nini?

#1 Kibarazani
Salaam wakuu.

Nina pothosi, ile inayotambaa yenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya njano. Nilikata vipande viwili kwenye tawi moja, nikaviotesha kwenye maji vikatoa mizizi, nikavipanda siku moja kwa udongo wa mfuko mmoja. Kimoja nikakiweka bafuni juu ya kabati. Bafu lenyewe lina kidirisha kidogo cha kioo cha ukungu. Kingine nikakipa heshima ya sebuleni, kwenye chungu kizuri cha kauri, pembeni ya kochi.

Sasa hivi cha bafuni kinakaribia kugusa sakafu. Cha sebuleni majani ya chini yanageuka njano moja baada ya jingine, mapya yanatoka madogo, na shina limerefuka likabaki tupu. Na hicho ndicho ninachokimwagilia kwa bidii. Cha bafuni nakikumbuka nikikikumbuka.

Hitimisho langu: maua ya ndani yanataka unyevu wa hewa kuliko mwanga. Ukinunua ua, chumba cha kwanza kufikiria ni bafu. Nipingeni.

#2 Mpita Njia
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Fundi Chungu
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: "ndicho ninachokimwagilia kwa bidii". Maua ya ndani yanakufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Mizizi nayo inahitaji hewa. Udongo ukishiba maji muda wote, mizizi inakosa oksijeni, inaanza kuoza, halafu vimelea aina ya Pythium vinamalizia kazi. Mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo majani yanalegea. Wewe ukiyaona yamelegea unadhani kiu, unaongeza jagi.

Swali moja tu: hicho chungu kizuri kina tundu chini?

#4 Kibarazani
@Fundi Chungu hakina. Ila nimetandika kokoto chini ili maji yajikusanye huko yasiguse mizizi.

#5 Fundi Chungu
Hizo kokoto ndizo zimeharibu zaidi. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kila chungu kina tabaka la chini linalobaki limelowa hata baada ya maji kuchuja. Ukiweka kokoto hujaliondoa, umelipandisha tu likasogea karibu na mizizi. Na bila tundu, hata hayo yaliyofika kwenye kokoto yatatokea wapi?

Panda ua kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kisha litumbukize kopo ndani ya kauri yako. Siku ya kumwagilia unalitoa, unalimwagilia kwenye sinki hadi maji yatoke chini, unaliacha lichuje, unalirudisha. Urembo unabaki palepale.

Na kabla ya kumwagilia chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kikitoka na udongo wa baridi uliogandia, ahirisha. Ukizoea utaacha hata kidole, utanyanyua kopo tu: lililokauka linanyanyuka kirahisi mpaka unashtuka.

#6 Bi Mwanga
Naunga mkono hoja ya kokoto kwa asilimia zote. Lakini Fundi, kuna dalili umeziruka. Mtoa mada kasema majani mapya ni madogo na shina limerefuka likabaki tupu. Hiyo ni njaa ya mwanga. Shina linakimbilia dirishani.

Macho yanatudanganya kwa sababu mboni zinajirekebisha zenyewe. Nje kwenye jua kali la saa sita mchana kuna kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Ukisimama kivulini, lakini bado nje, ni maelfu, hata 10,000 na zaidi. Ndani ya nyumba, mita chache kutoka dirishani, unaweza kupata lux 100 au 200 tu, na bado unasoma gazeti bila shida. Ua halisomi gazeti. Linajitengenezea chakula kwa huo huo mwanga.

Kipimo cha bure: mchana, taa zimezimwa, weka karatasi nyeupe pale ua lilipo, nyanyua kiganja kama sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu lakini vidole vinahesabika, ni wa kati, na maua mengi ya ndani yataridhika. Usipoona kivuli cha maana, hapo weka sanamu.

#7 Mpita Njia
Kwa kipimo hicho chumba changu chote ni cha sanamu. Mimi mwenyewe nimeanza kurefuka shina.

#8 Kibarazani
@Bi Mwanga hapo ndipo unaponichanganya. Sebule ina dirisha kubwa la ukuta mzima karibu! Bafu lina kidirisha cha kupitisha kichwa. Iweje bafu liwe na mwanga zaidi?

#9 Bi Mwanga
Pima umbali. Kabati la bafuni liko hatua ngapi kutoka kwenye kidirisha? Najua bafu nyingi ukinyoosha mkono umegusa ukuta wa pili. Ua liko puani kwa dirisha. Na kioo cha ukungu hakizuii mwanga kama unavyodhani, kinausambaza tu, na ua linafurahia zaidi kuliko mshale wa jua unaochoma jani. Sebuleni kochi liko upande gani? Pazia jepesi je, linafunguliwa mchana?

#10 Kibarazani
Kochi liko ukuta wa mkabala na dirisha. Pazia jepesi halifunguliwi, barabara iko karibu.

#11 Bi Mwanga
Nimemaliza.

#12 Fundi Chungu
Hujamaliza dada. Giza halileti majani ya njano kwenye udongo mkavu kwa kasi hiyo. Unajua kwa nini lile la bafuni halijaoza? Kwa sababu linasahaulika!

#13 Bi Mwanga
Na unajua kwa nini hili la sebuleni halimalizi maji yake? Kwa sababu halina mwanga wa kuyatumia. Jani lenye mwanga mdogo linavuta maji kidogo, udongo unachelewa kukauka. Jagi lile lile lingemwagwa kwenye ua lililo dirishani lingekauka bila tatizo.

#14 Ramani
Mnazunguka. Kanuni ni nyepesi: dirisha la kusini lina jua, la kaskazini halina. La mashariki jua la asubuhi la upole, la magharibi jua la alasiri linalounguza. Mtoa mada atuambie dirisha lake linatazama wapi.

#15 Kokotoo
@Ramani mashariki na magharibi uko sawa. Kusini na kaskazini inategemea uko upande gani wa ikweta. Vitabu vingi vya maua vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, kwao jua linapita upande wa kusini wa anga. Aliye kusini mwa dunia, dirisha lake la jua ni la kaskazini. Na aliye karibu na ikweta jua linahama: sehemu ya mwaka linaegemea kaskazini, sehemu kusini, na mchana linakuwa karibu utosini, kwa hiyo haliingii ndani sana hata kwa dirisha lipi. Ndiyo maana ua linaweza kukaa sehemu moja miezi kadhaa likiwa na raha, kisha likaanza kuungua au kufifia na wewe hujagusa kitu.

#16 Ramani
Nimekuelewa mkuu.

#17 Hewa Nzito
Mmesahau kiyoyozi. Sebuleni kipo? Hewa inayotoka pale ni kavu na ya baridi, na ikipuliza ua moja kwa moja, kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia. Bafuni kuna mvuke. Mimi namuunga mkono mtoa mada. Sebuleni nyunyizia majani maji kila asubuhi uone.

#18 Kokotoo
Kukauka kingo, sawa. Lakini yeye analalamikia njano ya majani mazima ya chini, ni jambo jingine. Na kunyunyizia hakuongezi unyevu wa chumba, ule ukungu unapotea ndani ya dakika chache. Kwa maua yanayodai unyevu kweli, kama kangaga na kalathea, afadhali uyakusanye pamoja au uyaweke bafuni kwenye dirisha. Pothosi haina deko hilo.

#19 Mama Paka
Jamani, kabla hamjampangia ahamishie wapi, nyumbani kuna paka, mbwa au mtoto anayetambaa? Pothosi, monstera, dieffenbachia na spathiphyllum zote zina fuwele za kalsiamu oksaleti, kama visindano. Mnyama akitafuna, mdomo unawaka, anatoka mate. Mara nyingi haui, ila ni mateso. Tawi linaloning'inia hadi sakafuni ni mwaliko kwa paka.

Mimi sebuleni nimebaki na Chlorophytum (ile ya majani membamba yenye mistari inayoning'iniza watoto), kangaga na okidi. Hizo hazina sumu kwa paka. Chlorophytum wanaitafuna mpaka inabaki kama brashi, lakini wako salama. Mshubiri nimeutoa, una madhara kwa paka na mbwa.

#20 Hewa Nzito
Spathiphyllum si ndiyo yungiyungi wanayosema inaua paka?

#21 Mama Paka
Hapana, msichanganye. Spathiphyllum huitwa yungiyungi kwa sababu ya ua lake jeupe tu, si ukoo huo. Zinazoua paka ni yungiyungi zenyewe, Lilium, na pia Hemerocallis. Hizo figo zinakufa hata kwa kulamba chavua iliyodondokea manyoya au kunywa maji ya chombo cha maua. Kwa mwenye paka, shada la Lilium lisivuke mlango.

#22 Mpole
Niulize kidogo nje ya mada. Tangu utotoni naambiwa usilale na ua chumbani, usiku linakunyang'anya hewa. Ni kweli?

#23 Mpita Njia
Kweli kabisa. Lilinyang'anya hadi shuka.

#24 Kokotoo
@Mpole hofu hii ina umri. Mwanasayansi Jan Ingenhousz alionyesha mwaka 1779 kwamba mimea hutoa hewa safi ikiwa kwenye mwanga, na gizani hufanya kinyume. Hilo ni kweli hadi leo: usiku ua linapumua, linatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Kinachosahaulika ni kiasi. Anayelala ubavuni mwako anatumia oksijeni mara nyingi zaidi ya vyungu vyote utakavyoweza kupanga kwenye meza ya kitanda, na hujamfukuza.

Tatizo la chumba cha kulala ni jingine: mapazia hufungwa muda mrefu, kwa hiyo ua linapata mwanga mchache. Maua yenye harufu kali nayo yanawasumbua baadhi ya watu wakilala.

#25 Jani Bichi
Ndiyo maana chumbani wanashauri sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, yenyewe inatoa oksijeni usiku. Hata NASA walithibitisha, na inasafisha sumu za hewani.

#26 Kokotoo
Hapo kuna mambo mawili yamefungwa kamba moja.

La kwanza. Sansevieria (siku hizi wanasayansi wameihamishia ukoo wa Dracaena, inaitwa Dracaena trifasciata) hufungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana ili isipoteze maji. Usiku inavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, mchana inaitumia. Mshubiri nao uko hivyo. Lakini oksijeni inatengenezwa kwa mwanga. Usiku wa giza hakuna kiwanda kinachofanya kazi.

La pili, utafiti wa NASA upo kweli, ripoti ya mwaka 1989, Wolverton na wenzake. Waliweka mimea kwenye masanduku madogo yaliyofungwa, wakaingiza kemikali kama benzini na fomaldehidi, wakapima. Zilipungua. Nyumba yako si sanduku lililofungwa. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya aina hiyo, wakakokotoa kwamba ili ufikie kile ambacho upitishaji wa kawaida wa hewa unafanya, ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha.

#27 Jani Bichi
Mimea 1,000 kwa mita ya mraba, nilale wapi? Haya, ahsante. Sansevieria yangu inabaki kwa uzuri wake.

#28 Korido
Wadau, korido yetu haina dirisha kabisa na mke wangu anataka kitu cha kijani chenye uhai. Msiniambie sanamu.

#29 Fundi Chungu
ZZ. Zamioculcas, mwenyeji wa ukanda huu wa mashariki ya Afrika. Chini ya udongo ina viazi vinavyotunza maji, unaweza kuisahau wiki kadhaa. Majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

#30 Bi Mwanga
ZZ inavumilia mwanga hafifu, haivumilii giza. Watu wanachanganya. Kwenye korido isiyo na dirisha haitakufa haraka, itaishi kwa akiba ya vile viazi, na wewe utadhani inastawi. Inakula akiba. @Korido una njia mbili. Nunua mbili, moja ikae koridoni na nyingine karibu na dirisha, ubadilishane kila baada ya wiki chache. Au weka taa ya LED nyeupe karibu nayo, si darini, iwake kama saa 12 kwa siku.

Na kokote kwenye mwanga mdogo chagua jani la kijani kibichi tupu. Yenye mabaka meupe, zile sehemu nyeupe hazina klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, hazifanyi kazi, kwa hiyo zinahitaji mwanga zaidi. Pothosi ya mabaka ikikaa kizani mara nyingi majani mapya yanapunguza mabaka. @Kibarazani yako ya sebuleni imepoteza njano?

#31 Kibarazani
Aisee. Mapya ni kijani tu.

#32 Bi Mwanga
🙂

#33 Mtoto wa Usambara
Kwa mwenye dirisha la mashariki asisahau Saintpaulia, ile wanayoiita African violet. Asili yake milima ya Usambara na maeneo jirani, ilielezwa kisayansi mwaka 1893 na Hermann Wendland, leo iko madirishani duniani kote. Haitaki jua la mchana. Mwagilia kwa chini, weka maji kwenye kisahani ivute yenyewe, baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Maji ya baridi yakidondokea majani yake yenye manyoya yanaacha madoa.

#34 Jikoni Kwangu
Na jikoni je? Okidi yangu iko dirishani, mwanga mzuri, mizizi ina afya, lakini vitumba vinakauka na kudondoka kabla ya kufunguka.

#35 Mama Paka
Karibu yake kuna bakuli la matunda yaliyoiva? Matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini, na vitumba vya okidi vinaathirika nayo. Tenganisha. Pia usiiweke panapopigwa na mvuke wa jiko kisha upepo wa dirisha. Kumwagilia angalia mizizi: ikiwa na rangi ya fedha ina kiu, ikiwa kijani imeshiba.

#36 Bomba
Nashangaa hakuna aliyetaja maji yenyewe. Maji ya bomba yana klorini na floridi, yanaua maua taratibu. Acha kwenye ndoo usiku kucha kwanza.

#37 Kokotoo
Klorini hupungua ikiachwa wazi. Floridi haiondoki hata ukiiacha mwezi. Na floridi inaonekana zaidi kwenye Dracaena na Chlorophytum, ncha zinakuwa kahawia. Tena bafuni na sebuleni anatumia bomba lile lile, maji hayaelezi tofauti ya vipande viwili.

#38 Bomba
Yanaeleza! Kile cha sebuleni hakina tundu, chumvi zote zinabaki humo humo. Cha bafuni kama kina tundu, zinaoshwa.

#39 Fundi Chungu
Hapo @Bomba kula tano.

#40 Kibarazani
Wakuu, nimekitoa chungu chote leo. Ripoti: mizizi ya chini, pale kwenye kokoto, ni ya kahawia, ukiivuta ganda linachomoka linabaki uzi, na inanuka kama mtaro. Mizizi ya juu ni myeupe, migumu, mizima. Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Halafu, na hili hakuna aliyelitaja, kwenye kikonyo cha majani mawili kuna vitu kama vipamba vyeupe.

#41 Fundi Chungu
Mtaro. Nimemaliza na mimi.

#42 Bomba
Ukoko mweupe = chumvi.

#43 Mama Paka
Vipamba ni vidung'ata, wanafyonza utomvu, na wao pia wanafanya majani kuwa njano. Chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mmoja hadi abadilike rangi, hasa kwenye makwapa ya majani na chini yake, rudia kila wiki. Ulileta ua jipya sebuleni karibuni? Mgeni hukaa peke yake wiki mbili tatu kabla ya kuchanganywa.

#44 Bi Mwanga
Vyote hivyo vipo, sikatai. Lakini mabaka yamepotea na shina limerefuka. Mizizi mizima ya juu ingekuwa ndiyo yote, shina lingerefuka vile vile pale kwenye kochi.

#45 Kokotoo
Njia ya kumaliza ubishi: kata mizizi iliyooza, panda upya kwenye kopo lenye matundu, kirudishe PALEPALE kwenye kochi. Usibadilishe kingine. Kikipona ni Fundi, kikiendelea kurefuka ni Bi Mwanga.

#46 Kibarazani
Kimeshahamia dirishani, wife kakataa kusubiri sayansi.

#47 Hewa Nzito
Kwa hiyo hatutajua. Na kiyoyozi hukujibu.

#48 Mpita Njia
Na hilo shina tupu ukilikata je? Chumba cha sanamu kinaomba kipande.

#49 Mpole
Wakuu, kabla uzi haujalala: vijidudu vyeusi vinavyoruka ruka juu ya udongo navyo vinatokana na nini?

#50 Fundi Chungu
Mabuu yao yanaishi sentimita chache za juu za udongo uliolowa. Acha juu pakauke kabisa kati ya kumwagilia na kumwagilia, mwagilia kwa chini kama alivyosema Mtoto wa Usambara, chomeka karatasi ya njano yenye gundi iwanase wakubwa. Wakizidi, tafuta dawa ya bakteria wa Bti, ile ile ya viluwiluwi vya mbu, changanya kwenye maji ya kumwagilia. Vyungu vyako viko chumba gani?